Siku nane Kingston: nilimfuata Bob Marley nikakutana na shelisheli

Nianze na suruali mana ndo ya kwanza kuniumbua. Nilinunua suruali ya mabakamabaka hapa Toronto kwenye seli ya mwisho wa mwaka, nikaikunja vizuri ndani ya begi la kwenda Jamaika, jioni ya kabla ya safari mwenzangu wa kazini akaja kunipimia uzito wa begi akaiona, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hiyo ukiivaa Kingston polisi watakuvua, kule raia kuvaa nguo za rangi ya jeshi ni kosa kisheria, uwe mtalii uwe nani. Aisee niliona aibu, mana hata kwetu Bongo ukivaa kombati mtaani unatafuta kesi, mtu wa Tanga mzima miaka sita tu ya Kanada nishasahau.

Huyu mwenzangu tunabeba naye maboksi ghalani, mzaliwa wa Kingston, na ndo aliyenitia kishawishi. Ilikuwa Februari, mnajua Februari ya huku ilivyo, akaniambia we nenda kwa mama, chumba kipo, utamchangia umeme na utanipelekea vitu vyangu viwili vitatu. Vitu viwili vitatu vikageuka kilo kumi na moja, lakini tuyaache hayo.

Mi nimekulia kwenye rege. Tanga ya utoto wangu daladala imechorwa simba mwenye taji, kijiwe kina bendera ya nyekundu njano kijani, kaka zangu walifuga rasta mpaka mzee akawatimua nyumbani. Kwa hiyo nikajiona Jamaika naijua, nimebakisha kwenda kuhakiki tu. Kwenye simu niliandika sehemu kumi na nne za kumaliza kwa siku tatu, alafu nikimbilie fukwe za Montego Bay nikalale mchangani kama watalii wenzangu. Montego Bay mpaka leo sijaiona.

Ndege ikikaribia Kingston utadhani inatua baharini, mana uwanja umekaa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi unaoitwa Palisadoes, huku bahari kuu, huku ghuba ya bandari, na mbele yako milima ya bluu imesimama nyuma ya mji. Nilitoka nje nimechanganyikiwa kwa joto, kijana akanipokea begi, nikaona gari lake lina namba nyeupe nikasema hii ya biashara, twende. Hapo ndo ujuaji ulinigharimu, kwetu namba nyeupe ni biashara na njano ni ya mtu binafsi, kule teksi halali ina namba nyekundu. Nililipa karibu mara mbili. Mama wa mwenzangu, ambaye nitamwita Bi Mkubwa mana ndivyo nilivyomchukulia, alinipokea getini, swali la kwanza halikuwa habari ya safari, ni "namba ilikuwa rangi gani?"

Asubuhi nikawahi 56 Hope Road, nyumba aliyokuwa akiishi Bob kuanzia 1975, sasa ni makumbusho tangu 1986. Mi nishachaji simu na betri ya akiba, nimejipanga kurekodi kila kona, kufika mlangoni dada anayetuongoza akasema ndani hakuna picha wala video, simu mfukoni. Nilinuna kabisa, nikaona hela yangu imeenda. Tukapanda, tukashuka, nguo, santuri, chumba cha kulala, alafu akatusimamisha kwenye ukuta wa nyuma. Tarehe 3 Desemba 1976 usiku watu wenye bunduki waliingia hapa wakamimina risasi, Bob akapigwa kifuani na mkononi, mkewe Rita kichwani, meneja wake ndo aliumia zaidi, na wote wakapona. Matundu ya risasi wameyaacha palepale. Yenyewe madogo, ungeyakuta kwenye ukuta wa kwenu ungesema mtu kang'oa msumari wa kutundikia kalenda. Sasa kwa kuwa sikuwa na simu mkononi nilibaki nayaangalia tu, nikaanza kuhesabu, nikapoteza hesabu nikaanza upya, na siku mbili baada ya hayo matundu mtu yuleyule akapanda jukwaani akapiga shoo mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Ningekuwa narekodi nisingehesabu.

Baadae dada akatuimbisha. Wazungu wanaimba, Wajapani wanaimba, na mi nikapaza sauti kweli kweli kuwaonesha mtoto wa rege, dada akanitazama, kumbe kuna neno nimeimba kwa makosa tangu nikiwa darasa la nne. Sio kwamba nilitamka vibaya, neno lenyewe halipo kabisa.

Trench Town, mtaa aliokulia Bob, nilienda kesho yake, na hapa nisikilizeni, usijiendee kichwakichwa, nenda na mtu wa kule au panga na wenyeji wa Culture Yard wenyewe, ndo makumbusho ya huko, kwanza kwa usalama wako, pili utapita bila kuelewa unachokiona. Mi nilidhani nitaona kibanda. Kilichonipata ni kwamba nilijiona nimerudi Ngamiani, kwetu Tanga. Zile nyumba za serikali za miaka ya 1940 ni vyumba vimezunguka uwanja mmoja, jiko la kushirikiana, na kila mtu anajua leo kwa nani kumepikwa nini na kwa nani hakujapikwa. Hiyo ni nyumba ya kupanga ya kwetu, imebaki mama mwenye nyumba anayefungia maji tu! Kuna jiko dogo lililokuwa la Vincent Ford, walimwita Tata, ndo aliyempa Bob pa kujisitiri akiwa kijana hana kitu, na Tata huyohuyo ndiye aliyeandikwa kuwa mtunzi wa ule wimbo wa kumbembeleza mwanamke asilie. Uwanjani kuna gari la Bob, Volkswagen imekula kutu mpaka huwezi kujua mlango uko wapi. Kijana aliyetuzungusha ni wa mtaa huohuo, kila hatua tano anasalimiwa, na jinsi anavyosimama kumjibu kila mmoja nilikumbuka baba yangu alivyokuwa akienda sokoni, dakika kumi inakuwa saa nzima.

Siku ya tatu mjini. Watu wengi watakwambia katikati ya Kingston usikanyage, mi nilienda mchana na Bi Mkubwa na sikupata tatizo lolote, ila mkufu niliuacha nyumbani na simu sikuichezea barabarani, akili hiyohiyo ya Kariakoo. Tulianzia bustani ya mashujaa, National Heroes Park, zamani ilikuwa uwanja wa mbio za farasi. Wana mashujaa wa taifa saba, na wa kwanza ni Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi. Alifia London 1940, mwili wake ukarudishwa 1964 ndo akazikwa hapa. Michael Manley naye yupo hapo, waziri mkuu wao wa miaka ya 70 aliyekuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Alafu Bi Mkubwa akanionesha kwa fimbo, ile shoo ya siku mbili baada ya risasi, jukwaa lilikuwa hukuhuku. Kumbe zile sehemu kumi na nne kwenye simu yangu zilikuwa zinaongea zenyewe kwa zenyewe na mi nimezipanga kama orodha ya dukani.

Kutoka hapo mpaka 76 King Street, Liberty Hall, jengo ambalo jumuiya ya Garvey ililinunua 1923, sasa ni makumbusho. Ndani tulikuwa watu wachache, mmoja mzee wa makamo ya baba yangu, kavaa kofia ya kufuma, akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akasimama vizuri. "Kwa Nyerere," akasema, "kwa Walter Rodney."

Ndugu zangu, mi nimesoma Mlimani miaka mitatu. Jina la Rodney nimelisikia, najua ni mtu mkubwa, basi, zaidi ya hapo sina. Mzee akanihadithia chuo changu mwenyewe. Kwamba Rodney, mwanahistoria Mguyana, alifundisha Dar es Salaam, akaja kufundisha huku Mona, kwenye chuo kikuu cha West Indies, jioni anashuka kwenye vijiwe vya marasta na vijana wasio na kazi anakaa nao chini kwenye vumbi anawafundisha historia ya Afrika, serikali ikaona huyu hatari. Oktoba 1968 alikuwa katoka kwenye mkutano Montreal, ndege ikatua Kingston, wakamzuia asishuke. Kesho yake wanafunzi wakaandamana, mji ukawaka moto, mabasi yakachomwa. Akarudi Dar 1969 akafundisha mpaka 1974, na 1980 akauawa kwa bomu kwao Georgetown. Mzee alikuwa mtaani siku ile ya 1968, anasema mpaka leo harufu ya tairi likiungua inamrudisha pale. Alafu akaniuliza, pale chuoni kwenu alikuwa akikaa nyumba gani, ukumbi gani alikuwa akifundishia? Nikawa najikuna kichwa. Nimesafiri kutoka Toronto kwenda Kingston kuulizwa habari za Ubungo na nimeshindwa kujibu.

Jioni nilimsimulia Bi Mkubwa, naye hakunicheka, akakoroga chai yake akaanza la kwake. Tarehe 21 Aprili 1966, Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye marasta wanamwabudu, alipokuja, yeye alikuwa binti mdogo kabebwa mabegani na mjomba wake huko uwanja wa ndege. Mvua ilikuwa inanyesha toka asubuhi, anasema ndege ilipotokea mvua ikakata, na watu wakavunja vizuizi wakaizunguka ndege mpaka mfalme akashindwa kushuka, ikabidi kiongozi mmoja wa marasta, Mortimer Planno, apande ngazi kumsaidia kutuliza watu. Bi Mkubwa ni mlokole wa kutupwa, rasta hawataki hata kuwasikia, lakini akifika kwenye mvua kukata anashusha sauti.

Soko la Coronation ndo lilinimaliza. Nilikuwa naingia tu kupita, nikakaa saa tatu. Shelisheli, jamani, shelisheli! Zimepangwa chini kama mipira, wao wanaiita breadfruit, wanaichoma nzima kwenye moto mpaka ganda linakuwa mkaa, unalikwangua ndani mweupe laini. Nikamwambia yule mama muuzaji jina letu, akalirudia mara tatu na kumwambia jirani yake, nikawa kichekesho cha safu nzima. Historia yake sio ya kucheka lakini, ililetwa na meli ya nahodha Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti ili watumwa wa mashamba ya miwa walishwe kwa bei rahisi. Mchicha wanauita callaloo. Mbaazi ipo, na wanaipika na wali wa nazi. Pilipili mbuzi ipo, wao wanaiita Scotch bonnet. Dafu wanasema jelly, na jamaa anakufungulia kwa panga mapigo matatu kama wa forodhani, alafu anakukatia kijiko hukohuko kwenye ganda. Muhogo wanaukuna, wanaukamua, wanaukandamiza uwe mkate wa duara unaitwa bammy, unalowekwa tui la nazi kisha unakaangwa, wameurithi kwa Wataino waliokuwepo kabla ya Columbus. Mi nilikula bammy na samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki na vitunguu, nikanyamaza, sikuwa na cha kuongea.

Siku ya nne nilirudia ujinga wangu wa kwenda peke yangu. Nilipanda basi kutoka Parade, katikati ya mji, mpaka Port Royal, mwisho wa ule ulimi wa uwanja wa ndege. Saivi ni kijiji cha wavuvi kimetulia, mbwa kalala katikati ya barabara, lakini miaka ya 1600 ulikuwa mji wa maharamia, hela na biashara ya watumwa, kati ya miji tajiri ya Waingereza upande ule wa dunia. Tarehe 7 Juni 1692 tetemeko likaja, mchanga ukageuka uji, theluthi mbili ya mji ikazama baharini na watu kama elfu mbili wakafa papo hapo. Waliosalimika wakavuka upande wa pili wa ghuba, na huo ndo mwanzo wa Kingston. Miaka ya baadae wapiga mbizi waliokota saa ya mfukoni chini ya maji, ilikuwa imesimama saa tano na dakika 43 asubuhi. Kaburini kwa Mfaransa mmoja, Lewis Galdy, wameandika alimezwa na ardhi, mtikisiko wa pili ukamtema baharini, akaogelea, akaishi mpaka 1739. Mi ningehama siku hiyohiyo.

Ndani ya Fort Charles, ngome ya hapohapo Port Royal, kuna kijumba cha matofali cha 1880, ghala la silaha, tetemeko lingine la 1907 lilikizamisha upande mmoja kikabaki kimeinama hivohivo, wanakiita Giddy House. Nilisema ah, nyumba imeinama, kuna nini. Niliingia hatua mbili, macho yanasema sakafu ni hii, miguu inasema siyo, tumbo likapanda kooni, nikajikuta nimekumbatia ukuta kama mlevi wa ijumaa na watoto wa shule waliokuja ziara wananicheka. Nimetoka nimeinamisha shingo upande, dakika nzima haijanyooka.

Baada ya hapo nikataka Lime Cay, kisiwa kidogo cha mchanga mweupe, dakika chache kwa boti. Wikiendi kunajaa watu, chakula na muziki. Ilikuwa katikati ya wiki. Mwenye boti akanishusha, nikamuuliza utanifata saa ngapi, akajibu "soon come." Sasa hili neno lilitakiwa liandikwe kwenye viza. "Soon come" ni sawa na "nipo njiani" ya kwetu, ile ambayo mtu anakwambia akiwa bado bafuni. Kisiwani hakuna duka, hakuna maji, kivuli cha vichaka tu, mi nina chupa moja ya nusu lita na pakiti ya biskuti. Saa ya kwanza niliogelea, maji yale ni kioo, unaona kucha zako. Saa ya pili nikakumbuka kwamba jambazi maarufu wa Kingston, Rhyging, alikuja kujificha hapahapa mwaka 1948 na polisi wakamuulia hapahapa. Saa ya tatu nikaanza kuongea mwenyewe kwa Kiswahili. Jamaa alikuja jua linaelekea kuzama, anatabasamu, kaniletea samaki kafungwa kwenye foili, akashangaa kwa nini nimenuna, si alisema anakuja? Nikashindwa kugombana naye mana samaki alikuwa mtamu, na kusema kweli kwa saa tatu zile sikugusa simu hata mara moja.

Usiku ule nikafuta ile orodha. Nikamwambia Bi Mkubwa kesho wewe ndo unapanga.

Akapanga. Tulipanda mlimani Newcastle na gari la mpwa wake, na kama umewahi kutoka Mombo kwenda Lushoto basi barabara unaijua, kona, honi, kona, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine hakuna kitu, ferns na migomba, na baridi inakuingia polepole. Newcastle ni kambi ya jeshi, Waingereza waliijenga 1841 mita kama 1,200 juu kwa sababu askari wao walikuwa wanakufa kama nzi kwa homa ya manjano huko chini. Barabara inapita katikati ya uwanja wao wa gwaride, unasubiri askari wamalize alafu unapita, na hapo nikaikumbuka ile suruali. Ukungu ukafunguka dakika mbili, Kingston yote ikawa miguuni, bandari, Palisadoes kama kamba iliyotupwa majini, mpaka Port Royal pale ncha. Tukanywa kahawa ya Blue Mountain kwenye kikombe cha bati. Kahawa nzuri, sikatai, lakini mtu wa Tanga niliyezoea kahawa ya kijiweni na kashata, bei yake ilinifanya ninywe na machicha.

Mengine tulipita tu. Devon House, jumba alilolijenga George Stiebel mwaka 1881, mtu mweusi aliyetajirika kwa dhahabu ya Venezuela, humo ndani kuna samani za kifahari, lakini msidanganyane, wote tunaenda kwa aiskrimu, mi nilikula ya stafeli foleni ikiwa mpaka nje. Emancipation Park na zile sanamu mbili za uchi, mwanaume na mwanamke wanatazama juu, zilizowagombanisha watu mwaka 2003, Bi Mkubwa alipita kageuza uso upande wa barabara. Spanish Town, mji mkuu wa zamani hadi 1872, hatukuwahi, mpwa alisema "soon come" na mi sikuuliza saa.

Asubuhi ya kuondoka Bi Mkubwa alikuwa jikoni toka alfajiri, nje moshi. Kachoma shelisheli mbili, kazimenya, kazifunga kwenye foili, kaniambia hii ni ya mwanangu na usiile njiani. Toronto afisa wa forodha akaishika ile foili bado ina joto kidogo, akanusa, akaniuliza ni nini nikajibu shelisheli bila kufikiri, akanitazama, nikamwambia breadfruit. Akauliza, ya kuchoma? Akanirudishia kwa mikono miwili.

Mwenzangu aliila siku hiyohiyo wakati wa mapumziko, amekaa juu ya pallet, kipande cha kwanza, cha pili, hasemi kitu. Cha tatu akatikisa kichwa akasema mama bado anaiunguza upande mmoja.